Kibao Cheusi Kifuani

Juzi Zawadi aliniuliza: "Mjomba, mtu asiyejua hata neno moja la lugha fulani, anaanzaje kuisema?" Swali zuri hilo, Zawadi. Swali zuri sana! Lakini leo sijibu mimi. Leo kinajibu kibao. Kaeni vizuri, kina sauti ndogo.

"Mimi ni kibao cha jina," kinasema. "Ni mweusi, maandishi yangu meupe. Nakaa kifuani pa kijana wa miaka 18. Tuko Provo, mji wa jimbo la Utah, Marekani, chini ya milima mirefu. Hapa pana chuo cha wamishonari cha Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Zinafundishwa lugha zaidi ya 50. Ukipita kwenye milango ya madarasa utasikia Kihispania huku, Kijapani kule. Sisi tumepangiwa Kikorea. Kijana wangu atatumikia miaka miwili, wasichana hutumikia miezi 18. Ila kwanza darasani, miezi miwili hivi."

"Mjomba, kibao kina macho?"

Kina macho, mwanangu. Kiko kifuani, kinaona yote.

"Saa 12:30 asubuhi tunaamka. Kijana wangu ana mwenzake, na kila mahali wanakwenda wawili. Darasani wawili. Chakulani wawili. Kufua wawili. Mmoja akisahau daftari chumbani, wanarudi wote wawili, na aliyesahau ndiye anayeomba radhi. Asubuhi kusoma, mchana kusoma, jioni kusoma tena. Katikati kuna mpira kidogo, maana akili nayo huchoka. Saa 4:30 usiku taa zinazimwa. Mimi nabaki kwenye koti, nimening'inia gizani, narudia maneno ya mchana."

"Mjomba, na wewe kibao, umeandikwa Kikorea?"

"Ndiyo!" kinajibu chenyewe, maana kinapenda sana kuulizwa hilo. "Nitazameni usoni. Kila herufi yangu inawaeleza mdomo ufanye nini. Semeni k, kama katika kaka. Mmesikia ulimi unavyoinuka nyuma na kuziba koo? Herufi yenyewe ni ㄱ, ulimi uliokunjwa. Semeni n, kama katika nanasi. Ncha ya ulimi imegusa juu, nyuma ya meno. Herufi yake ni ㄴ. Semeni m. Midomo imefungwa. Herufi yake ni ㅁ, mdomo wenyewe!"

Mmejaribu wote? Hongereni. Fatuma, nimekuona ukirudia mara mbili, ndivyo inavyotakiwa.

Herufi hizi alizitengeneza mfalme Sejong. Alizikamilisha mwaka 1443, akazitangaza mwaka 1446. Kabla yake Wakorea waliandika kwa alama za Kichina, na alama hizo ni maelfu. Mkulima angezijifunza saa ngapi? Basi mfalme akatoa herufi 28 tu. Leo zinatumika 24. Wakorea wa Kusini wana sikukuu ya herufi zao, tarehe 9 Oktoba, na watu hupumzika kazini. Mimi sijui nchi nyingi zinazopumzika kwa ajili ya alfabeti, na naona wamefanya vyema.

Ila haziandikwi kwa mstari mmoja kama zetu. Chukua jina Kim. K na i hukaa juu, bega kwa bega, na m hukaa chini yao, kama jiko chini ya sufuria. Silabi moja, sufuria moja. Ndiyo maana ukiangalia maandishi ya Kikorea unaona viboksi viboksi.

"Mjomba, na mimi jina langu linaandikika?"

Linaandikika, Fatuma, lakini utacheka. Kikorea hakina sauti ya f. Wewe utakuwa Patuma. Na z pia hakuna, kwa hiyo Zawadi atakuwa Jawadi. Vumilia ataanza na b. Msiwacheke Wakorea lakini. Wao wana ng' kama sisi, ila hukaa mwisho wa silabi tu, haianzi neno hata siku moja. Mpe Mkorea neno ng'ombe, halafu mwangalie anavyohangaika!

Kibao kinanivuta koti. Kinataka kuendelea.

"Wiki ya kwanza tu, tukaambiwa: nendeni mkafundishe, kwa Kikorea! Kijana wangu akatokwa jasho mpaka mimi nikalowa. Tukabisha hodi. Aliyefungua alikuwa mwalimu wetu, lakini siku ile alijifanya mzee wa mji wa Busan, huko Korea, na Kiingereza hakukijua kabisa. Kijana wangu akasalimia. Mzee akajibu sentensi ndefu. Kijana wangu akatabasamu. Mzee akauliza tena. Kijana wangu akatabasamu tena. Alikuwa amebaki na tabasamu tu."

"Mjomba, kwani Kikorea kina ugumu gani?"

Swali zuri hilo! Ugumu mmoja ni huu. Wewe unasema: mimi nimekula wali. Mkorea anasema: mimi wali nimekula. Jambo lenyewe linangoja mwisho. Ukimkatiza katikati, hujui kama wali ameula, ameupika au ameumwaga. Lazima unyamaze umsikilize mpaka amalize. Kwa wapigaji kelele wa nyumba hii, nadhani lugha hiyo ingefaa.

Ugumu wa pili uko hapo hapo mwishoni. Bibi unamwamkiaje? Shikamoo. Na rafiki yako? Mambo! Ungemwambia bibi mambo? Thubutu! Basi kwa Wakorea, heshima hiyo inafungwa kwenye mkia wa kitenzi, katika kila sentensi. Mzee ana mkia wake, rafiki ana wake, na Mungu katika sala anapewa wa heshima ya juu. Kijana wa Marekani hakukua na shikamoo. Mtoto wa kwetu hapo ana nafuu kidogo.

Na saa je? Saa zinatajwa kwa namba za Kikorea chenyewe, dakika kwa namba zilizotoka Kichina. Mnashangaa? Wewe ukihesabu mpaka kumi, sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu, na hujawahi kulalamika.

"Walimu wetu wengi ni vijana tu," kibao kinaendelea. "Walikwisha kutumikia Korea, wakarudi, na sasa ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, hapo jirani. Wanajua tunapokwama kwa sababu na wao walikwama. Mara moja kwa wiki tuna siku ya maandalizi. Tunafua, tunaandika barua pepe nyumbani. Tangu mwaka 2019 tunaruhusiwa kupiga simu kila wiki. Zamani ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama tu! Siku ya simu, kijana wangu humwambia mama yake maneno ya Kikorea. Mama haelewi hata moja, lakini anataka arudie."

"Mjomba, wakifika Korea wanaelewa kila kitu?"

Hapana, mwanangu. Mwanzoni wanaelewa kidogo sana. Watu wa Seoul hawaongei polepole kama mwalimu wa darasani. Kwa hiyo mgeni hupewa mwenzake mpya, aliyemtangulia kufika na kukizoea Kikorea. Huyo ndiye anayezungumza wiki za mwanzo, na kusoma kunaendelea kila asubuhi. Jibu lako ndilo hilo, Zawadi: wanaanza kuisema kabla hawajaijua.

Sasa leteni penseli. Andikeni ㄱ, ㄴ na ㅁ, kila herufi mara tano, na kila mnapoandika itamkeni kwa sauti. Kesho nitawaonyesha irabu.