Daraja la Kimbunga Hupima Upepo, Si Mvua

Mei 4, 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitangaza kuwa Kimbunga Hidaya kimepoteza nguvu baada ya kuingia katika Kisiwa cha Mafia. Hata hivyo, mvua zilizoambatana nacho ziliikata barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na safari kati ya Dar es Salaam na mikoa hiyo zikakwama. Kwa wakazi wa ukanda huo, taarifa kwamba kimbunga kimeshuka daraja haikumaanisha kuwa hatari imepita.

Madaraja ya vimbunga hupangwa kwa kasi ya upepo unaovuma mfululizo karibu na kitovu chake. Kwa Kusini Magharibi mwa Bahari ya Hindi, ikiwamo pwani ya Tanzania, kazi hiyo hufanywa na kituo cha kikanda kilichopo katika Kisiwa cha Réunion. Upepo ukifikia kilomita 63 kwa saa, mfumo huitwa dhoruba ya wastani na hupewa jina. Kuanzia kilomita 89 huwa dhoruba kali, na kuanzia 118 ndipo huitwa kimbunga kamili. Kilomita 166 hukifanya kimbunga kikali, na zaidi ya 212 kimbunga kikali sana. Ikumbukwe kuwa kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake juu ya ukuta au paa la bati huongezeka takriban mara nne.

Kwingineko hesabu ni tofauti. Marekani hutumia namba 1 hadi 5, kuanzia kilomita 119 kwa saa, na hupima wastani wa upepo kwa dakika moja. Kituo cha Réunion huchukua wastani wa dakika 10, ambao kwa kawaida huwa mdogo kidogo kwa kimbunga kilekile. Australia nayo ina namba 1 hadi 5, lakini huanza kuhesabu kwenye kilomita 63. Upepo unaoingia tu daraja la 1 kwa Wamarekani huwa karibu na daraja la 3 kwa Waaustralia. Ndiyo maana Kimbunga Kenneth, kilichopiga Cabo Delgado nchini Msumbiji Aprili 25, 2019, kiliitwa kimbunga kikali na kituo cha Réunion, huku Wamarekani wakikiweka daraja la 4. Namba inayosambaa mitandaoni bila kutaja kipimo chake haina maana kubwa.

Vimbunga hufika pwani ya Lindi kwa nadra, kwa kuwa karibu na ikweta mzunguko wa dunia hausaidii sana upepo kujizungusha, na Madagascar hukinga mifumo mingi itokayo mashariki. Nadra si kamwe: Aprili 15, 1952 kimbunga kilipiga Lindi.

Daraja halisemi mvua itanyesha kiasi gani, mawimbi yatapanda vipi wala mfumo utakaa mahali pamoja kwa muda gani. Mfumo dhaifu unaosogea polepole unaweza kumwaga maji mengi kuliko kimbunga kikali kinachopita haraka. Kwa sababu hiyo TMA hutoa viwango vyake vya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa kwa kuzingatia athari zinazotarajiwa, na hutaja mvua, upepo na mawimbi kila kimoja peke yake. Mvuvi wa Kilwa Kivinje hutazama zaidi upepo na mawimbi. Msafiri wa Somanga, mvua.