Lengelenge Lisilouma

Mtu analala miguu ikiwa mizima. Asubuhi anakuta lengelenge limetuna juu ya kidole gumba, maji yake maangavu, ngozi ya pembeni haina wekundu. Analigusa, haliumi. Nyumbani kila mmoja ana lake: ameungua, ametambaliwa na mdudu, amekanyaga alichotegewa.

La mdudu hujibika upesi. Yule mdudu mwekundu na mweusi wa msimu wa mvua, nzi wa Nairobi, akipondwa mwilini huacha sumu inayobabua ngozi, na mahali hapo huwaka moto. Lengelenge hili halimwashi wala halimchomi mtu. Kama ameishi na kisukari miaka mingi, utulivu huo ndio wa kuuchunguza.

Daktari Kramer aliyaeleza malengelenge ya namna hii mwaka 1930, na mwaka 1967 Cantwell na Martz wakayapa jina la Kilatini, bullosis diabeticorum. Ni nadra. Hutokea zaidi miguuni, na chanzo chake bado kinabishaniwa. Jaribio la mwaka 1983 linanivutia hadi leo: watafiti waliifyonza ngozi kwa kifaa maalumu, na ya watu wanaotumia insulini ikatoa lengelenge mapema kuliko ya wasio na kisukari. Ngozi ya juu imeshikizwa kwenye ya ndani kwa nyuzi nyembamba mno, kama kitambaa kwenye bitana yake. Sukari inayokaa juu miaka mingi hung'ang'ania protini za mwili na kunenepesha kuta za mishipa midogo ya damu. Huenda ndiyo inayolegeza mshono huo, maji yakapenya katikati.

Lakini mengi ya malengelenge hayahitaji fumbo hilo. Kisukari huua neva za nyayo. Mzee anayehisi baridi miguuni huitumbukiza kwenye karai la maji ya moto, na mguu wenye ganzi haumwambii kwamba unaungua. Mama hukaa karibu na jiko la mkaa; kijana hushinda na kiatu kipya kinachobana. Kesho yake lengelenge linaonekana limezuka lenyewe.

Dawa nazo zimo. Zile za jamii ya gliptini, kama sitagliptini na vildagliptini, kwa watu wachache huamsha kinga ya mwili ikaushambulia ule ule mshono wa ngozi. Malengelenge ya namna hii huwasha sana. Anayeyaona amwone daktari haraka. Asiikatishe dawa kwa uamuzi wake.

Wembe na pini vikae mbali. Ngozi iliyofunika lengelenge ni bandeji bora kuliko ya dukani, na lile la kisukari kwa kawaida hunywea lenyewe kati ya wiki 2 na 6. Likitoa usaha au harufu, wekundu ukisambaa, au homa ikipanda, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kwenye kliniki, mhudumu makini hatazami lengelenge tu. Humwambia mgonjwa afumbe macho, kisha huugusa wayo kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa mgandamizo wa gramu 10, hapa na pale, akiuliza: "Unasikia?"