Migongo ya Kikuyu kwa Baiskeli

Mtaa wa Mountain View uko kando ya Waiyaki Way, magharibi mwa jiji la Nairobi, baina ya Kangemi na Uthiru. Sisi watu wa pwani tukifika huko hushtuka mara mbili: kwanza kwa baridi ya alfajiri, kisha kwa ardhi yenyewe, ambayo haitulii; ukitoka nyumba hii kwenda ya pili, ama unapanda ama unashuka. Tulikwenda huko mwezi wa Julai kumjulia hali mwenzetu, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Nairobi miaka 14 iliyopita, mama wa watoto watatu. Alikuwa ameanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Alianguka akiwa juu ya baiskeli, na habari hiyo ilipofika Mombasa ilizua maneno makubwa kuliko jeraha.

Kisa chake kilianza mwaka jana, alipopimwa na kukutwa na kisukari. Daktari alimpa dawa na kumwambia kwamba dawa peke yake haitoshi, mwili lazima uhangaike. Kutembea alijaribu, akachoka na kukata tamaa. Mumewe ndiye aliyemletea baiskeli ya mtumba yenye gia, akamfundisha uani, kisha katika vichochoro vya mtaa baada ya swala ya alfajiri. Baada ya miezi minne sukari yake ilikuwa imeshuka na daktari akapunguza dawa. Ndipo shangazi yake mkubwa alipopata habari, akapiga simu: "Mwanangu, mke wa mtu na umri wako, juu ya baiskeli barabarani? Watu watasemaje?" Naye akamjibu kwa adabu, "Shangazi, watu hawakusema lolote nilipokuwa siwezi kupanda ngazi za nyumba yangu."

Wiki mbili baadaye akaanguka. Shangazi akasema, "Nilisema mimi."

Tulitaka kuijua nchi hiyo iliyomvuta hata akasahau maneno ya watu, kwa hiyo siku ya Jumapili mmoja wetu akaazima baiskeli ya jirani na kufuatana na mumewe, sisi wengine na mgonjwa tukienda kwa gari nyuma yao.

Mwenye kutaka kuzielewa njia za huko na aanze na mito. Maji yanayotoka kwenye nyanda za juu, ambazo ni mkia wa kusini wa milima ya Nyandarua, huteremka kuelekea kusini mashariki, na kila mto umejichimbia bonde lake. Baina ya bonde na bonde umebaki mgongo mrefu wa ardhi nyekundu, mashamba na nyumba zikiwa juu yake. Barabara inayofuata mgongo hupanda polepole, mwendeshaji akahisi uzito miguuni bila ya kuteseka. Barabara inayokatiza migongo humtupa chini mpaka mtoni na kumdai tena kila alichokipata. Mgeni asiyejua tofauti hii huangalia ramani, akaona kilomita 10 tu, akaondoka kwa furaha na kurudi akikokota baiskeli kwa mkono.

Njia tuliyoifuata sisi ni ya mgongo: Uthiru, Kinoo, Kikuyu, Muguga hadi Limuru. Reli iliyotoka Mombasa, ile iliyofika Nairobi mwaka 1899, nayo ilipandia upande huo huo wa Kikuyu na Limuru kabla ya kuteremka Bonde la Ufa, maana gari la moshi haliwezi mlima mkali. Katikati ya jiji ni kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Limuru inapita 2,200. Kwa mtu aliyekulia Kisauni au Likoni, mapafu huliona hilo kabla ya macho. Mwenzetu aliyekuwa juu ya baiskeli alisimama mara tatu kabla ya kufika Kikuyu, na hana haya kulisema.

Kikuyu tulipumzika karibu na kinamasi cha Ondiri, ambako Mto Nairobi huanzia. Ukiutazama mto huo unavyopita mjini ukiwa mweusi kwa taka, huwezi kuamini kwamba asili yake ni matete na ndege wa majini. Karibu na hapo ni Thogoto, jina ambalo Wakikuyu walilitohoa kutokana na Waskoti wa misheni iliyojengwa pale.

Upande huo huo kuna kijiji cha Mai-a-Ihii, na hapa wazazi tunaomba watusikilize vizuri. Huko ndiko David Kinjah, mwendesha baiskeli wa Kenya, alikowakusanya vijana na kuwafundisha mbio na ufundi wa baiskeli. Mmoja wao alikuwa Chris Froome, mtoto wa Kizungu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, ambaye mama yake alimpeleka kwa Kinjah. Alizungushwa katika migongo hii hii, akala chakula cha kijiji pamoja na wenzake. Mwaka 2006 aliivalia Kenya jezi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Melbourne. Baadaye akaanza kushindana kwa leseni ya Uingereza, akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mara nyingi hutajwa kana kwamba alianguka kutoka mbinguni. Mwalimu wake hutajwa kwa uchache, na mama yake kwa uchache zaidi.

Kutoka Muguga baridi ilizidi na chai ikaanza kuonekana. Chai ya kwanza ya Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903, na mpaka leo mashamba ya Tigoni yamelala juu ya vilima kama mkeka uliotandikwa. Hapo ndipo tulipokunywa chai yetu na mahamri tuliyotoka nayo nyumbani. Wenye nguvu huendelea mpaka ukingo wa Bonde la Ufa, ambako mlima Longonot huonekana chini. Sisi hatushauri kuteremka na barabara ya Mai Mahiu kwa baiskeli: malori ni mengi na nafasi ni finyu. Kurudi, wazoefu hupitia Banana na Ruaka, kisha wakakatiza migongo kupitia Wangige. Sisi tulirudi tulikotoka, tukiteremka, na mwenzetu akasahau maumivu yote ya kupanda.

Sasa turudi kwenye kuanguka kwenyewe. Ilivyokuwa, alikuwa ukingoni mwa barabara kuu, matatu ikaja nyuma yake kwa kasi na honi. Aligeuka, upindo wa buibui ukaingia kwenye cheni, baiskeli ikasimama ghafla. Lau angeangukia upande wa pili, tungekuwa tumekwenda Nairobi kwa matanga. Kwa hiyo hofu ya shangazi haikuwa ya upuuzi, na tulimweleza hivyo mgonjwa wetu, naye alikubali.

Yeye na mumewe wamekwisha kupanga upya. Barabara kuu haendi tena ila kwa kuivuka. Ilipopanuliwa kutoka James Gichuru hadi Rironi zilijengwa barabara za pembeni, na ndizo azitumiazo, siku ya Jumapili asubuhi kabla magari hayajaamka. Buibui amelibadilisha kwa suruali pana iliyofungwa kifundoni na kanzu inayofika magotini. Mtandio ni wa kitambaa chepesi, umechomekwa ndani, na kofia ngumu inakaa juu yake.

Tulimkumbusha Masomah Ali Zada, binti wa Afghanistan aliyekuwa akitupiwa mawe kwa kuendesha baiskeli, akakimbilia Ufaransa. Katika Olimpiki ya Tokyo, mwezi Julai 2021, alishindana katika timu ya wakimbizi, chini ya mlima Fuji, kichwa amekifunika ndani ya kofia. Alikuwa wa mwisho, wa 25. Mwenzetu alicheka: "Wa mwisho ni mimi, yeye alikwenda Tokyo."

Jioni shangazi alipiga simu tukiwa bado hapo. Alizungumza kwanza na mume, muda mrefu, mlango umefungwa. Kisha akampa salamu mkwewe na kuuliza jambo moja tu: ile cheni, kwa nini haikuwa na kava? Baiskeli za Black Mamba za marehemu mumewe, aliyekuwa akipeleka mikate Majengo, zote zilikuwa na kava kamili la bati, na kanzu yake haikuingia hata siku moja.

Fundi wa Kangemi alisema hana. Tumerudi Mombasa na vipimo vyake katika karatasi, na wiki hii tunazunguka kwa mafundi wa Majengo kulitafuta.