RADIATERI: USIFUNGUE MARA YA PILI MOTERI INGALI MOTO

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Siku ya Jumapili, katika malupango mengi ya kambi, baba anasafisha radiateri ya motokari yake. Anamwaga maji machafu yenye kutu, anatia mapya. Ni kazi nzuri. Lakini kwetu dispansere tumeisha kupokea watu walioungua uso na mikono kwa kazi hii. Wengi hawakuungua mwanzoni. Waliungua mwishoni, walipofungua kifuniko mara ya pili.

Sababu ni hii. Ukiisha kujaza, hewa inabaki ndani ya moteri. Moteri ikizunguka, hewa inatoka na maji yanashuka. Wewe unataka kuongeza upesi. Hapa ndipo hatari!

Lubumbashi iko juu, karibu mita 1 200, na maji ya sufuria yanachemka kwa digri 96 hivi. Radiateri si sufuria. Kifuniko chake kinafungia mvuke, na maji yanaweza kupita digri 100 bila kuchemka. Ukikifungua, yanachemka mara moja na kukurukia usoni.

Basi fanya hivi:

1. Jaza polepole, moteri ikiwa baridi. Maji baridi katika moteri yenye moto yanaweza kuipasua.
2. Funga kifuniko, washa moteri. Tiyo ya juu ikipata moto, zima.
3. Ngoja mpaka radiateri ipoe kabisa. Gusa tiyo: ikiwa ingali moto au ngumu, ngoja tena.
4. Funika kifuniko na kitambaa kinene, geuza uso, fungua kidogo kidogo. Ongeza maji. Rudia mpaka yasishuke tena.

Mtu akiungua, mwagia mahali pale maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua saa, pete na nguo iliyolowa. Nguo iliyogandama na ngozi usiivute. Usipake dawa ya meno, wala mafuta ya mawese, wala yai. Funika na kitambaa safi, uje dispansere. Kwa jicho au uso, usingoje Jumatatu.

Mama, neno hili ni lako pia. Dawa ya rangi wanayochanganya na maji ya radiateri mara nyingi ina glikoli. Ni tamu, lakini ni sumu inayoharibu figo, na kiasi kidogo chaweza kuua mtoto. Usikubali iwekwe katika chupa ya bia au ya limonadi. Maji yaliyomwagwa yasibaki wazi katika beseni. Mtoto akinywa, usingoje aonyeshe ugonjwa: mlete mara moja, pamoja na bidoni ile.

Ndugu, kungoja radiateri ipoe ni kazi ya saa moja au mbili tu. Keti kivulini, zungumza na watoto. Motokari ina vipande vya kubadilisha dukani. Jicho lako halina.

Msaidizi wa munganga