Nguruwe Wawili na Kazi ya Ini

Hapo kale si mbali, palikuwa na nguruwe wawili wa mama mmoja, waliozaliwa usiku mmoja. Mmoja alikuwa na doa jeusi mgongoni, akaitwa Madoa. Mwenzake hakuwa na doa, basi tumwite Mweupe. Walilishwa chakula kile kile: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa. Kila mmoja alipofikisha kilo 100, mwenye banda akafungua daftari lake, akashangaa. Madoa alikuwa amekula zaidi, na chakula hakikumwagika. Kilikwenda wapi?

Najua mtasema Madoa alikuwa mlafi. Lakini mlafi si angempita mwenzake kwa uzito? Tumfuate ndani tuone.

Tonge likishuka tumboni na kufika kwenye utumbo, wanga huvunjwa kuwa glukosi, na protini huvunjwa kuwa asidi amino. Damu inayozibeba haikimbilii kwenye misuli. Hukusanywa na mshipa mmoja mpana unaoipeleka kwenye ini kwanza, kama shehena inavyopitia forodhani kabla ya kuingia mjini. Glukosi iliyozidi ini huiunganisha kuwa glaikojeni, akiba ya saa za njaa. Sumu huipunguza makali. Kisha zinakuja asidi amino, na hapa ndipo nataka mtulie kidogo, maana hapa pana gharama.

Ili kujenga nyama, mwili unazihitaji asidi amino za aina nyingi kwa pamoja, kila moja kwa kiasi chake. Mahindi yana upungufu wa moja iitwayo laisini. Laisini ikiisha, nyingine zilizobaki haziwezi kujenga msuli hata ziwe nyingi namna gani, na mwili hauna mahali pa kuzihifadhi. Ini huzivunja. Nitrojeni iliyomo ndani yake hugeuka amonia, ambayo ni sumu kwa ubongo, kwa hiyo ini huibadilisha haraka kuwa urea, nazo figo huitoa kwenye mkojo. Hans Krebs na Kurt Henseleit ndio waliofumbua njia hiyo ya kutengeneza urea, huko Ujerumani mwaka 1932. Kazi hiyo huendeshwa kwa nishati ya chakula kile kile. Mfugaji aliyelisha protini isiyo na uwiano amelipia dagaa, kisha amelipia tena wanga wa kuwaondoa!

Ini ni sehemu ndogo ya uzito wa nguruwe, lakini pamoja na tumbo na utumbo hutumia oksijeni nyingi kupita ukubwa wao. Tena nguruwe akila zaidi, ini lake nalo hukua, na ini kubwa huhitaji chakula zaidi cha kuliendesha.

Basi kitendawili cha Madoa kimewashughulisha watu kwa miaka mingi. Mwaka 1963, huko Marekani, Robert Koch na wenzake walipendekeza njia ya kukipima kwa ng'ombe: kadiria mnyama alipaswa kula kiasi gani kulingana na uzito na ukuaji wake, kisha linganisha na alichokula kweli. Karibu na mwaka 2000, watafiti wa Ufaransa na wa Chuo Kikuu cha Iowa State wakaanza kuwachagua nguruwe kwa kipimo hicho, kizazi baada ya kizazi. Hori za kisasa zilimtambua kila nguruwe kwa hereni ya sikioni na kuandika alichokula. Ukoo wa kina Mweupe ukapatikana kweli: walikula kidogo, wakatoa joto kidogo, na ukuaji wao haukuachwa mbali. Sifa hiyo hurithiwa. Msidhani ini peke yake ndilo lenye jibu, kwani nguruwe anayezungukazunguka bandani kutwa naye hutumia nishati nyingi.

Ukoo nguruwe huurithi, lakini kuna jambo lililo mikononi mwa anayelisha, nalo linaniuma sana. Mahindi yenye ukungu, ambayo watu wameyakataa, mara nyingi humwagwa kwenye hori. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu hulishambulia ini lenyewe. Nguruwe hupoteza hamu ya kula na kudumaa, na hata Mweupe, kama angekuwa na ini lililojeruhiwa, asingeweza kukitumia vizuri hata chakula kizuri anachopewa kesho yake.