Rottnest, Kisiwa cha Baiskeli

Kutoka bandari ya Fremantle, magharibi mwa Australia, boti haimalizi hata dakika 40 kabla ya kutia nanga Thomson Bay, kisiwani Rottnest. Kinachomlaki mgeni gatini ni baiskeli. Zinateremshwa mojamoja kutoka botini, nyingine zimefungwa kiti cha mtoto nyuma, nyingine zimebeba jamvi, maji na miwani ya kuzamia. Hakuna teksi inayogombea abiria wala anayepiga honi. Gari la mtu binafsi haliruhusiwi kisiwani. Machache yanayoonekana ni ya huduma, pamoja na basi la kuwazungusha wasioendesha baiskeli.

Mtu wa Lamu, aliyezoea mitaa isiyo na magari, anaweza kusema hilo si jambo la ajabu. Lakini Rottnest iko kilomita 19 hivi tu kutoka ufuko wa Perth, jiji la watu zaidi ya milioni mbili ambao nyumbani kwao hata mkate hufuatwa kwa gari. Watu haohao, wakishavuka bahari, huhesabu safari kwa nguvu za miguu yao.

Kisiwa kina urefu wa kilomita 11, na pale kilipotanuka zaidi upana wake ni kilomita nne na nusu. Kukizunguka chote kwa baiskeli ni karibu kilomita 22, na vilima vyake vinatoa jasho. Waliokizoea huondoka mapema kwa sababu ya upepo. Alasiri za kiangazi upepo wa bahari huvuma kutoka kusini-magharibi, nao wenyeji wameubatiza Daktari wa Fremantle kwa jinsi unavyowatibu joto. Anayefika ncha ya magharibi kabla haujaamka, hurudi ukimsukuma mgongoni. Aliyechelewa atapigana nao uso kwa uso njia nzima ya kwenda.

Na ncha hiyo inastahili jasho. Miti imekwisha, yamebaki majani mafupi, miamba ya chokaa na bahari iliyochafuka pande tatu. Upande wa Cathedral Rocks sili hulala chali majini, mapezi yameinuliwa hewani kana kwamba wanayaanika. Kusini zaidi, juu ya mwamba uliosimama peke yake, kuna kiota cha tai wanaokula samaki, rundo kubwa la vijiti ambalo vizazi vya ndege hao vimekuwa vikiliongezea.

Fukwe ni 63. Kila familia ina wake inaouapia, ila wengi huishia The Basin, bwawa ambalo bahari yenyewe imelichimba katikati ya mwamba. Mkondo wa Leeuwin hushusha maji ya joto kutoka kaskazini, ndiyo maana matumbawe na samaki wenye rangi za bahari za joto huonekana huku kusini ambako mtu asingewatarajia. Katika Little Salmon Bay vibao vimewekwa chini ya maji, na muogeleaji husoma habari za anachokiona huku akielea juu yake. Wenye vifua zaidi hungoja Februari: tangu 1991 kuna mashindano ya kuogelea kutoka ufuko wa Cottesloe, bara, hadi kisiwani, kilomita 19.7 za bahari wazi.

Halafu kuna kwoka. Mwaka 1696 nahodha Mholanzi, Willem de Vlamingh, aliwadhania ni panya wakubwa, akakiita kisiwa kiota cha panya. Ndiko lilikotoka jina Rottnest. Kumbe ni jamaa wa kangaruu, kimo cha paka, na mama hubeba mtoto mfukoni. Bara wamebaki wachache, kwani mbweha na paka walioletwa na Wazungu waliwawinda mno. Kisiwani hakuna mbweha, nao wapo kwa maelfu, hawaogopi mtu, na midomo yao imeumbwa kama inayotabasamu. Mcheza tenisi Roger Federer alipiga nao picha mwaka 2017, na foleni ya wanaotaka picha kama yake haijapungua. Kuwagusa au kuwalisha ni kosa lenye faini, na ni sheria ya haki: mkate na biskuti huwadhuru.

Wanoongar, wenyeji wa asili, hukiita kisiwa Wadjemup. Kuanzia 1838 serikali ya kikoloni ilikifanya gereza la wanaume na wavulana wa Kiaborijini, karibu 4,000 kwa jumla, wengine wakiletwa kwa minyororo kutoka mbali mno na pwani hii. Gereza lilifungwa rasmi 1904, ila wafungwa waliendelea kutumikishwa hadi 1931. Nyumba za chokaa ambazo watalii huzisifu, ukuta wa bahari, mnara wa kwanza wa taa na barabara kadhaa ni kazi ya mikono yao. Wasiopungua 373 walifia hapa, wakazikwa bila alama. Kwa miaka mingi wageni walipiga mahema juu ya makaburi hayo, hadi kambi hiyo ilipofungwa 2007. Na jengo la gereza, liitwalo Quod, lilikodishwa vyumba vya mapumziko hadi 2018. Mgeni anayezunguka fukwe zote 63 asisimame hapo, amekiona kisiwa nusu.

Anayetaka kukijua taratibu huacha baiskeli, akashika Wadjemup Bidi. Bidi kwa Kinoongar ni njia, na hii ina kilomita 45 za kutembea kwa miguu, ikipita kando ya maziwa ya chumvi ambayo mengine hugeuka waridi wakati wa joto.

Jioni boti ya mwisho huondoka na baiskeli zake. Wanaobaki ni waliokodi vyumba au kupiga hema, na kwoka, ambao hasa ni wanyama wa usiku, hutoka vichakani kula majani kando ya barabara tupu.