Mzee Hahitaji Chakula Pekee

Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, usiku huingia na baridi. Baada ya swala ya Isha waumini hurejea kwa familia zao, lakini mzee mmoja wa msikiti wetu huwa wa mwisho kuondoka. Mkewe ametangulia mbele ya haki, na wanawe wako Dar es Salaam. Humtumia fedha kwa simu, wala hana njaa. Anachokikosa ni mtu wa kumwitikia salamu afunguapo mlango.

Walimchukua mjini. Akashinda ndani peke yake hadi watu watoke kazini, kisha akaomba arejeshwe kijijini. Alipotaja kumposa mjane wa rika lake, wanawe walikataa wakihofia mirathi.

Ndugu zangu, mirathi imekwishagawiwa na Mwenyezi Mungu. Sura An-Nisaa, aya ya 12, inampa mke thumni mume akiacha watoto. Haki yake si dhuluma kwa yeyote. Sura An-Nur, aya ya 32, inaamrisha waozwe wasio na wenzi, wala haikuweka ukomo wa umri. Mtume (s.a.w.), alipofiwa na Bi Khadija, alimwoa Bi Sauda, mjane mtu mzima. Mama mjane naye, akimaliza eda ya miezi minne na siku kumi, ana ruhusa hiyo hiyo.

Basi tusiishie kutuma fedha. Tuwaulize wazazi wetu wapendapo kuishi, na nani.